Hodhi la Uduvi na Elimu ya Maji Yaliyotuama

Mwanachama atakayekifungua kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu atakuta humo habari za mizani, za maghala, za mikopo ya pembejeo na za wazee waliotutangulia katika uongozi, na ndivyo ipasavyo, kwani Chama chasimama juu ya mambo hayo. Sisi tumepewa kurasa hizi chache ili tueleze jambo lililo dogo kwa umbo, walakini lililozusha maneno mengi katika mikutano mikuu miwili, nalo ni mahodhi ya uduvi wa maji baridi yaliyo nyuma ya ghala la pamba. Wako walioyacheka, wakisema kwamba Chama cha wakulima kimeanza kufuga wadudu. Wako pia walioyasifu kupita kiasi, wakadhani ya kuwa kila nyumba yenye pipa la maji itajipatia fedha. Makundi yote mawili yatafaidika kwa kuijua historia ya jambo hili, maana halikubuniwa hapa kwetu, wala si la juzi. Na sehemu moja ya historia hiyo, lau ingalijulikana mapema kwa wote, ingaliwaokolea baadhi ya wanachama wetu fedha nyingi.

Kwanza yatupasa tupatane juu ya majina. Watu wa pwani humwita kamba yule mnyama wa majini mwenye gamba jembamba, miguu mingi na sharubu ndefu, na wale wa jamii yake walio wadogo sana huwaita uduvi. Sisi wa bara tumezoea kamba ya kufungia ng'ombe, na katika mkutano wa kwanza mzee mmoja aliuliza kwa dhati kabisa kamba hiyo italishwa nini. Tangu siku hiyo tumeona heri tuseme uduvi tunapowataja wale wadogo wa ziwani, na kamba tunapowataja wale wakubwa wa kuliwa mezani. Tofauti hii si ya maneno tu, kama itakavyoonekana mbele.

Elimu ya kukaa na viumbe hai katika chombo cha maji yasiyopita ilianza kwa mshumaa. Mwaka 1771 kasisi mmoja Mwingereza, Joseph Priestley, aliwasha mshumaa ndani ya chombo kilichofunikwa hata ukazimika, kisha akatia humo kitawi cha mnanaa. Baada ya siku kumi mshumaa uliweza kuwaka tena katika hewa ile ile. Mwaka 1779 tabibu wa Kiholanzi, Jan Ingenhousz, akaonyesha kwamba kazi hiyo ya kuisafisha hewa hufanywa na sehemu za kijani za mmea, tena hufanywa katika mwanga wa jua tu. Gizani mimea nayo huichafua hewa kama tuichafuavyo sisi kwa kupumua. Mwanachama aliyewahi kukuta uduvi wake wamelala ubavu alfajiri, ilhali jioni walikuwa wazima, na alikumbuke neno hilo la pili. Usiku mimea haimsaidii mfugaji, bali yashindana na wanyama kuvuta oksijeni iliyomo majini, na hodhi lililojazwa viumbe kupita kiasi huonyesha kasoro yake kabla ya jua kuchomoza.

Mtu tunayependa atajwe kwa heshima katika habari hizi ni mwanamke, naye ni Jeanne Villepreux-Power, Mfaransa aliyekuwa mshona nguo kabla hajawa mtaalamu wa viumbe vya bahari. Akikaa Messina katika kisiwa cha Sicily, alitengeneza mnamo mwaka 1832 masanduku ya kioo ya kuwekea wanyama wa majini ili apate kuwatazama wakiwa hai, hasa pweza wa namna ya pekee mwenye kombe jepesi. Kwa kuwatazama hivyo alithibitisha kwamba pweza huyo hujitengenezea kombe lake mwenyewe, wala haliibi kwa mnyama mwingine kama wataalamu wengi walivyodhani.

Walakini hodhi kama letu, lisilo na mashine wala pampu, asili yake ni kazi ya mkemia wa London aliyeitwa Robert Warington. Mwaka 1849 alichukua chombo cha kioo cha galoni 12, akakijaza maji ya chemchemi hata nusu, akatia mchanga na changarawe, akapanda mmea wa majini wenye majani marefu kama utepe uitwao Vallisneria, kisha akatia samaki wawili wadogo wa rangi ya dhahabu. Kwa muda mambo yalikwenda vema. Halafu majani yaliyozeeka yakaanza kuoza, maji yakatiwa ukungu, na utelezi wa kijani ukatanda juu ya kioo. Mtu mwingine angaliyamwaga yale maji. Warington alifikiri jinsi dimbwi la kawaida lijisafishavyo, akaona ya kuwa pamepungua mla uchafu. Akatia konokono wachache. Konokono wakala majani yaliyooza pamoja na ule utelezi, mayai yao yakawa chakula cha samaki, na maji yakarudi kung'aa. Habari hizo alizitangaza mwaka 1850 mbele ya Chama cha Wakemia. Maneno yake yalikuwa mepesi: samaki huitia maji hewa ukaa na kinyesi, mmea huvila vyote viwili na kurudisha oksijeni, konokono huondoa kilichokufa.

Baada yake jambo hili likawa mtindo. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki mwaka 1853, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake kiitwacho The Aquarium, na kwa miaka michache kila nyumba ya Kiingereza yenye uwezo kidogo ilitaka sanduku la kioo sebuleni. Wengi waliyaacha upesi, kwa sababu walitia samaki wengi mno na chakula kingi mno. Hatuna la kuongeza juu ya hao.

Twapaswa kukaa zaidi juu ya mtoto wa mkemia yule, maana hapa ndipo habari za hodhi zinapokutana na habari za shamba. Jina lake naye lilikuwa Robert Warington, akafanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza. Wakati huo wakulima walijua kwamba samadi ikikaa ardhini hugeuka kuwa chakula cha mmea, lakini hawakujua mgeuzaji ni nani. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walipitisha maji machafu polepole katika mchanga uliochanganywa na chokaa. Kwa siku 20 za mwanzo amonia iliingia na amonia ikatoka. Baada ya hapo amonia ikaanza kutoweka, na mahali pake ikatoka nitrati, ambayo ndiyo mbolea ipendwayo na mimea. Walipotia mvuke wa klorofomu, kazi ilisimama, nao wakajua kwamba mgeuzaji ni kitu chenye uhai. Warington mtoto alilithibitisha jambo hilo katika udongo wa shamba, akaonyesha kwamba kazi yenyewe hufanywa kwa hatua mbili na vijidudu vya namna mbili, wa kwanza wakigeuza amonia kuwa nitriti, wa pili wakigeuza nitriti kuwa nitrati. Vijidudu wenyewe walitengwa na Mrusi, Sergei Winogradsky, mwaka 1890 mjini Zürich.

Baba, basi, alieleza samaki, mmea na konokono. Mtoto akasaidia kueleza mfanyakazi wa nne ambaye baba hakumwona, kwa kuwa haonekani kwa macho. Amonia na nitriti ni sumu kwa uduvi hata zikiwa chache, lakini nitrati ya kiasi huvumilika, na mimea huinywa. Vijidudu hao hukaa juu ya mchanga, juu ya majani na juu ya kuta za hodhi, nao hawazaliani haraka. Zile siku 20 za Schloesing na Müntz ndizo sababu ya kanuni ambayo wanachama wengi wameilalamikia, kwamba hodhi likishajazwa na kupandwa majani, na lingoje wiki sita kabla ya kutiwa kiumbe chochote. Mwenye haraka huua wa kwanza, hununua wa pili, huua tena, na kufika wiki ya sita amekwisha kupata hodhi zuri kwa gharama mara tatu.

Katika nchi yetu ufugaji wa samaki kwa utaratibu ulianza mwaka 1949 kwa majaribio ya perege huko Korogwe na Malya. Katika miaka ya 1950 na 1960 yalichimbwa mabwawa mengi sana, takriban 8,000 kwa hesabu iliyoandikwa baadaye, na mwaka 1967 ikafuata kampeni ya taifa zima. Mengi ya mabwawa hayo yalikuwa madogo mno, mengine yalikauka wakati wa kiangazi, na matunzo yakapungua mara baada ya sherehe ya kuyafungua. Tunayataja bila dharau. Wazee kadhaa wa Chama chetu waliyachimba kwa majembe yao wenyewe, nao ndio waliokuwa wazito kuliko wote kukubali habari za uduvi. Tena walikuwa na haki.

Sasa twafikia ile sehemu ya historia iliyogharimu fedha. Huko Asia ya kusini na mashariki yuko kamba mkubwa wa mito, ambaye wataalamu humwita Macrobrachium rosenbergii, mwenye mikono mirefu ya rangi ya buluu na nyama inayopendwa sana. Watu wa huko walimvua tangu zamani, na wengine walikuwa wakikamata watoto wake mtoni na kuwakuza katika mabwawa. Lakini hakuna aliyeweza kumzalisha. Jike hubeba mayai chini ya tumbo, mayai huanguliwa, na vitoto, ambavyo havijafanana na mama yao bado, hufa vyote katika siku chache. Mtaalamu Shao-Wen Ling, aliyetumwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, alilishughulikia jambo hili huko Penang katika Malaya. Alijaribu chakula hiki na kile bila ya kufaulu. Husimuliwa kwamba siku moja, akiwa amekata tamaa, alivitilia mchuzi wa soya uliokuwa mezani, na vile vitoto vikachangamka. Si kwa ajili ya soya, bali kwa ajili ya chumvi iliyomo. Iwe hivyo au isiwe hivyo, mwaka 1961 alikwisha kuhakikisha kwamba vitoto vya kamba huyu haviwezi kuishi ila katika maji yenye chumvi kiasi, kama yale ya mlangoni pa mto unapokutana na bahari. Hukaa humo wiki kadhaa, hupita hatua 11 za kubadilika umbo, na ndipo hugeuka kamba wadogo na kupanda kurudi katika maji baridi.

Mwaka 1965 kamba wazazi walipelekwa kutoka Malaysia hadi visiwa vya Hawaii, na huko Takuji Fujimura pamoja na wenzake wakatafuta njia ya kuzalisha vitoto kwa wingi, wakaipata kufikia mwaka 1972. Ufugaji wa kamba huyu ukaenea kutoka hapo hadi Taiwan, Thailand, China na nchi nyingine. Lakini hakuna mahali ulipoenea pasipo mtu kupeleka maji ya chumvi.

Katika mwaka wa nne wa Chama chetu alipita huku mfanyabiashara mmoja akiuza mbegu ya kamba wakubwa. Alichosema hakikuwa uongo wote. Alisema kamba hao huishi katika maji baridi, na ni kweli. Alisema hukua upesi, na ni kweli. Alisema majike hutaga, na ni kweli. Wanachama wa chama kimoja cha msingi walichanga, wakanunua, wakakarabati mabwawa mawili, na baada ya miezi majike yakaonekana yamebeba mayai ya rangi ya machungwa. Watu walishangilia, na wengine wakaanza kuhesabu. Mayai yakaanguliwa, na mabwawa yakabaki matupu. Yakaanguliwa tena, ikawa vile vile. Palitajwa mambo mengi, hata uchawi ulitajwa. Na jirani mmoja asiye na hatia alikaribia kuhama kijiji kwa sababu bata wake walionekana karibu na bwawa. Kumbe sababu ilikuwa imeandikwa tangu Penang. Yule mfanyabiashara hakuuza mbegu ya kupandwa mara moja, aliuza mche usiozaa, na kila msimu angalirudi kuuza tena. Hesabu ya fedha zile imo katika vitabu vya chama kile cha msingi, na wanachama wake wameomba tusiitaje hapa.

Bado wako wanaouliza kwa nini tusitie chumvi wenyewe. Swali ni la haki. Hesabu yake ni kama gramu 12 za chumvi kwa kila lita, yaani kilo 12 kwa lita 1,000, na chumvi yenyewe sharti itokane na maji ya bahari yaliyo kamili, siyo ile ya jikoni peke yake. Huko Thailand hupeleka maji mazito ya chumvi bara kwa malori, nayo kazi huendelea. Lakini vitoto vile hutaka pia joto lisilobadilika, chakula hai kila siku, na mtu asiyelala. Hiyo ni kazi ya kituo chenye umeme na wataalamu. Kuiita kazi ya pipa nyuma ya jiko ni kuwadanganya watu.

Sheria hii ya chumvi haichezi na wakubwa wala wadogo. Wajapani wanao uduvi mzuri aliyesifiwa duniani kote na mpiga picha Takashi Amano, ambaye tangu miaka ya 1980 alimtumia kulisha utelezi wa kijani katika masanduku yake ya mimea. Uduvi huyo naye vitoto vyake hutaka chumvi. Huko Senegal jambo lilionekana kwa ukubwa wa mto mzima. Mwaka 1986 lilimalizika bwawa la Diama katika mto Senegal, kuzuia maji ya bahari yasipande. Kamba wa mto ule walizibiwa njia ya kwenda kuzalia katika maji ya chumvi, wakapungua. Konokono waenezao kichocho, ambao kamba wale walikuwa wakiwala, wakazidi. Na tangu mwaka 1988 mji wa Richard Toll ukaingiwa na kichocho kibaya kuliko vyote vilivyopata kuonekana huko. Watafiti walirudisha kamba katika kijiji cha Lampsar, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba konokono wenye ugonjwa walipungua na watu walioambukizwa upya wakapungua nao.

Je, yupo basi anayezaa katika maji baridi pasipo kuhitaji bahari? Wapo wa namna mbili wanaotuhusu. Mmoja ni uduvi mdogo wa Asia ya mashariki, Neocaridina, ambaye wafugaji wamemtoa katika rangi nyekundu, manjano na buluu. Mayai yake machache huangua vitoto vilivyofanana na wazazi tangu siku ya kwanza. Huyu ndiye auzwaye mijini kwa bei ya mapambo. Ni mgeni, na mwenye kumtaka sharti aanze kwa Afisa Uvuvi, ambaye wazee bado humwita Bwana Samaki, amwulize habari za kibali. Na maji yake yasimwagwe kamwe katika mto au ziwa.

Wa pili ni wetu wenyewe, Caridina nilotica, uduvi wa Ziwa Victoria, ambaye ndugu zetu Wajaluo wa upande wa Kenya humwita ochonga. Urefu wake haupiti kidole kidogo cha mtoto, mwili wake huonekana kama kioo, na wavuvi humpata katika nyavu za dagaa wakivua kwa taa. Huzaliwa, hukua, huzaa na kufa katika maji baridi. Habari zake zimefungamana na msiba wa ziwa lenyewe. Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Katika miaka ya 1980 alienea kwa ghafula, na furu wa aina nyingi wakatoweka. Furu walipokwisha, uduvi walizidi, wakawa chakula kikuu cha sangara wachanga. Kwa maneno mengine, samaki aliyewatajirisha watu wengi wa miji ya ziwa alilelewa na kiumbe ambaye wachuuzi wa mwaloni walikuwa wakimtupia kuku.

Kamati ya Elimu ya Chama iliamua katika mwaka wa sita kujenga hodhi la uduvi wa ziwani, baada ya mjadala wa saa nne. La kwanza lilikuwa pipa la plastiki lililokatwa kwa urefu. Chini tuliweka udongo wa bustani usiotiwa mbolea ya dukani, unene wa inchi moja, juu yake mchanga ulioshwa mpaka maji yake yakatoka meupe. Maji yalikuwa ya mvua na ya kisima. Ya bomba la mji yakitumiwa, hukaa wazi siku nzima ili klorini iondoke, na pengine zaidi. Majani tuliyapata ziwani, ya jamii ile ile ya Vallisneria aliyoipanda Warington. Mtu aweza kusafiri hata London asijue kwamba jani lenyewe laota mwaloni kwao. Magugu maji hatukuyaingiza, hata kwa mfano.

Hapo ndipo tulipoachana na Warington, nayo ndiyo sehemu ambayo wageni hutushangaa. Yeye alitangaza habari za konokono wake mwaka 1850. Mwaka uliofuata tabibu Mjerumani, Theodor Bilharz, aliwaona minyoo wa kichocho mjini Cairo, na mwaka 1915 Mskoti Leiper akaonyesha hukohuko Misri kwamba minyoo hao hupitia ndani ya konokono wa maji baridi. Konokono wa Warington hawakuwa na dhara kwake. Wa ziwa letu waweza kumletea mtoto ugonjwa kwa kumtia mkono majini tu. Kwa hiyo kila jani huoshwa na kukaguliwa juu na chini pamoja na mayai yanayofanana na ute, na maji ya ziwa hayatumiwi kabla hayajakaa siku mbili pasipo konokono ndani yake, kwani vijidudu vya kichocho vilivyomo majini havidumu zaidi ya muda huo. Kazi ya konokono ya kula uchafu hufanywa na uduvi wenyewe. Juu ya hodhi hutandikwa chandarua kilichokazwa, kwa sababu maji yaliyotuama ni nyumba ya mbu wa malaria, na uduvi si askari wa kutegemewa dhidi ya viluwiluwi vya mbu. Chandarua humzuia pia kereng'ende asitage, ambaye watoto wake waishio majini hula uduvi mmoja baada ya mwingine, wala mwenye hodhi hajui wanapokwenda.

Chakula hakikuwa shida. Hodhi likikaa mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, utelezi huota wenyewe, na majani makavu ya mkungu au ya mpera yakizama huoza polepole, uduvi wakayachokoa kwa wiki nzima. Mabaki ya ugali ndiyo yaliyoua wengi katika nyumba za wanachama, yakitiwa kwa huruma. Wengine walitoa uduvi wazima wakidhani wamekufa, kumbe walichokiona ni magamba matupu, maana uduvi hukua kwa kujivua gamba. Maji yanayopungua kwa jua hujazwa taratibu, siyo kwa ndoo nzima kwa mara moja.

Adui mkubwa kuliko wote alitoka shambani. Wengi wetu twapulizia pamba na kahawa. Dawa za wadudu huua uduvi, kwa kuwa naye hayuko mbali sana na jamii ya wadudu. Hapo yule aliyetucheka mkutanoni alipatia kidogo. Mrututu na dawa nyingine zenye shaba huua hata kwa kiasi ambacho samaki asingekisikia. Hodhi la pili, lililokuwa na uduvi waliobeba mayai, lilikufa kwa asubuhi moja baada ya kuongezwa maji kwa ndoo iliyokuwa imechanganyiwa dawa ya kahawa, ingawa ndoo ilikuwa imesuuzwa. Kwa mkulima habari hiyo ina uzito kupita uduvi wenyewe, maana ndoo ile ile ilikuwa ikichotewa maji ya kunywa. Mkutano mkuu uliofuata ulipitisha kwamba kila chama cha msingi kitenge ndoo za dawa na kuzitia rangi nyekundu, na azimio hilo ndilo lililopita bila ya kura hata moja ya kulipinga.

Juu ya faida tutasema wazi. Hodhi la lita 200 haliwezi kushindana na mtumbwi mmoja wa dagaa kwa usiku mmoja, wala halitalipa karo ya shule. Uduvi wake huwafaa vifaranga wa kambare waliokwisha kukua kidogo, kwa kuwa ni chakula hai kisichoozesha maji, na wanaobaki huwafaa vifaranga wa kuku. Akina mama wa kikundi cha kambare hulitumia kwa njia hiyo, nao wameacha kununua sehemu ya chakula walichokuwa wakiagiza mjini. Hodhi pia limekuwa kipimo: mwanachama akitilia shaka maji ya kisima chake kilicho karibu na shamba, huleta chupa, na uduvi wachache hutiwa humo. Wakifa, kisima hupelekewa mtaalamu wa maji. Wakiishi hatumwambii kwamba maji ni salama ya kunywa, kwani uduvi hawajui kipindupindu.

Hodhi la tatu ni la saruji, nalo lilikamilika kabla ya kijitabu hiki kwenda kwa mpiga chapa. Limejazwa na kumwagwa mara nne ili chokaa ya saruji mpya itoke, na litajazwa mara ya mwisho kwa maji ya mvua za vuli. Uduvi hawatatiwa kabla ya wiki sita. Lile la pipa limeombwa na shule ya msingi iliyo jirani na ghala, na Kamati imekubali kulitoa pamoja na chandarua chake, kwa sharti kwamba ndoo yake iwe nyeupe, iandikwe jina la shule, na isitoke nje ya uzio.